Funguo za vihisi vyetu ziko mfukoni kwa nani?



Leo naomba tuziache kidogo habari za nani kahamia chama gani. Kuna kuhama kwingine ambako hakutangazwi kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na mimi nimekuona kwa macho yangu nikiwa juu ya tenki la maji la kijiji.

Nianze na kitu ambacho wewe uliyekaa hapo kafe unakijua. Kompyuta yako ni nzima, umeme upo, intaneti ipo. Ghafla ile mashine ya kaunta inayohesabu dakika inagoma na skrini zote zinajifunga. Mbele yako hakuna kilichoharibika. Kompyuta yako imekosa tu wa kuiambia endelea. Watu wote wanamgeukia yule dogo wa kaunta, "oya, vipi?" Anabonyezabonyeza, mambo yanarudi. Sasa vuta picha: kaunta yenyewe iko nchi nyingine, dogo wa kaunta hujawahi kumwona, na siku hiyo ameamua kufunga biashara.

Jamaa yangu mmoja ni mjumbe wa kamati ya maji katika kijiji kimoja mkoani Morogoro, jina nalihifadhi. Mradi wao ulikuja kwa fedha za wafadhili: kisima kirefu, pampu ya dizeli, matenki, na vihisi kumi na viwili. (Mafundi wengi wanaviita sensa, siyo ile ya kuhesabu watu.) Vingine vimefungwa kwenye mifuniko ya matenki vinapima maji yako chini kiasi gani, vingine viko kwenye mabomba vinahesabu lita zinazopita. Kila robo saa kila kimoja kinatuma namba zake kwa redio hadi kwenye kisanduku chenye antena juu ya paa la shule. Kisanduku hicho kinaitwa getiwei. Kina laini ya simu ndani, kinapokea namba na kuzirusha kwenye seva ya muuzaji huko Ulaya. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anafungua simu yake anaona michoro mizuri ya rangi: tenki hili limejaa, lile linapungua.

Mradi ukaisha. Barua pepe ya kukumbusha malipo ya mwaka ilikwenda kwa mratibu wa mradi, ambaye alikuwa ameshaondoka zamani. Hakuna aliyeijibu. Akaunti ikafungwa. Siku moja mwenyekiti anafungua simu, anaambiwa nywila si sahihi.

Mngeweza kusema basi, michoro ya rangi si maji, watu wataishi tu. Tatizo ni kwamba mwezi uleule kulizuka maneno kwamba mhudumu wa pampu anauza dizeli. Dizeli inaisha haraka, maji hayaonekani, wananchi wanaunganisha mambo. Yeye akasema pampu niliiwasha usiku, tenki lilijaa, lakini kuna mahali bomba linavuja. Nani anasema kweli? Jibu lilikuwepo. Kihisi cha tenki kilirekodi kila robo saa maji yalipopanda na yaliposhuka. Rekodi za miaka miwili. Zote ziko ndani ya akaunti iliyofungwa. Mkutano wa kijiji ukafanyika bila ushahidi huo, na mzee wa watu akasimamishwa kazi.

Hapo ndipo nilipoitwa, kwa sababu mimi najulikana kama mtu wa kompyuta. Nikaenda na laptopu na kipokezi kidogo cha redio. Nikakaa chini ya mwembe wa shule, nikawasha. Wadau, vihisi vyote kumi na viwili vilikuwa vinaongea! Betri nzima, redio nzima, kila robo saa paketi inapita. Naona namba ya kila kifaa, naona kaunta yake imefika paketi ya ngapi. Lakini kilicho ndani ya paketi siwezi kukisoma, kimefungwa kwa AES ya biti 128, aina ileile ya ufungaji inayolinda mambo ya benki. Maji ya kijiji yanatangaza habari zake hewani, na kijiji chenyewe hakina ufunguo wa kuzisoma.

Mtu asije akasema huyo muuzaji mmoja tu ndiye kimeo. Hebu tuangalie dunia ilivyokwenda.

Google walikuwa na huduma ya kusimamia vifaa vya namna hii, IoT Core. Agosti 2022 wakatangaza kwamba inafungwa, na tarehe 16 Agosti 2023 ikafungwa kweli. IBM nao wakaizima Watson IoT Platform yao Desemba 2023. Hawa si wababaishaji wa uchochoroni, ni Google na IBM. Tena Google walitoa notisi ya mwaka mzima. Marekani kulikuwa na kampuni ya vifaa vya nyumbani ikiitwa Insteon. Aprili 2022 seva zake zilinyamaza ghafla, wateja wakabaki wanabonyeza swichi zisizosikia. Baadaye kikundi cha wateja wenyewe ndicho kilichokusanya fedha na kuinunua.

Lakini funzo kubwa kwangu ni Sigfox. Hii ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza 2009, ikaeneza mtandao wa vihisi nchi nyingi, na Kenya ilifika kwa kupitia Liquid Telecom. Januari 2022 ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa ajili ya madeni, na Aprili mwaka huo ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. Waliokuwa na vifaa vya Sigfox katika miezi hiyo wangehamia wapi? Hakuna. Katika mfumo ule huwezi kujiwekea seva yako ukaendelea na maisha. Mtandao ni wa mwenyewe, na akianguka mnaanguka wote.

Vihisi vya kijijini kwetu si vya aina hiyo. Vinatumia LoRaWAN, na hapa ndipo pana tofauti. LoRaWAN ni kanuni zilizo wazi, zinasimamiwa na umoja wa makampuni unaoitwa LoRa Alliance, ulioanza 2015. Yeyote anaweza kuzisoma na kutengeneza seva. (Tusidanganyane lakini, redio yenyewe ya LoRa ni mali ya kampuni ya Semtech. Uwazi una mipaka yake.) Kwa hiyo zipo seva za programu huria unazoweza kuzipakua bure na kuziweka kwenye mashine yako. Maarufu ni ChirpStack, na The Things Stack ambayo sehemu yake kubwa pia iko wazi. Hifadhi ya Akagera kule Rwanda ina mtandao wa LoRaWAN wa kulinda wanyama. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pale Nyeri kimetumia teknolojia hiihii kupima kina cha mito. Si ndoto za Ulaya, iko hapahapa.

Sasa swali la kizushi: kwani seva ikiwa Ulaya kuna ubaya gani, mbona barua pepe zetu zote ziko huko?

Kumbukeni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mlikuwepo, mnajua. Siku ile maji ya tenki la Morogoro, ili mwenyekiti aliyesimama mita mia mbili kutoka kwenye tenki ajue limejaa, habari ilitakiwa itoke kijijini, ipite chini ya bahari hadi Ulaya, igeuke, irudi chini ya bahari hadi kwenye simu yake. Mita mia mbili! Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Sitaingia huko leo. Ninachosema ni kwamba kihisi hakijui uchaguzi wala waya wa baharini. Kimeendelea kutuma, na getiwei haina pa kuzipeleka.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri wanalifanya. Wanasema tutaweka seva yetu wenyewe, wanakodi mashine Dar es Salaam, wanatangaza uhuru. Waya wa baharini ukikatika watasalimika, hapo ni kweli. Lakini getiwei yao kijijini bado inatumia laini ya simu kufika Dar. Mtandao wa simu ukizimwa, wako palepale. Ukitaka kisimamacho chenyewe, seva ikae jengo moja na getiwei, ziunganishwe kwa waya, na mtu asome namba kwa Wi-Fi ya hapohapo bila kutoka nje. ChirpStack inaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayotosha kiganjani. Hata ndani ya getiwei yenyewe inawezekana, zikiwa zile zenye nguvu kidogo. Namba ya lita za maji ni baiti chache tu, haihitaji jumba la kompyuta.

Sisi tulichagua hiyo. Seva ofisi ya kijiji, kwenye sola na betri, waya hadi kwenye getiwei iliyohamishiwa paa la ofisi. Sasa niwape mkanda mzima wa kuhama, maana watu wengi wanadhani kuhama ni kusakinisha programu. Kusakinisha kulichukua jioni moja. Kuhama kulichukua wiki tano.

Kila kihisi cha LoRaWAN kina jina lake la kuzaliwa, DevEUI, lenye tarakimu na herufi 16. Kina pia ufunguo wake mkuu, AppKey, wenye 32. Jina si siri, kila mtu anaweza kulisikia kifaa kinapojitambulisha. Ufunguo ndio siri. Kifaa kikiwaka kinaomba kuingia kwenye mtandao, seva yenye ufunguo uleule inakikubali, halafu wote wawili wanatengeneza funguo ndogo za kutumia kila siku. Seva isiyo na AppKey haiwezi kukikubali kifaa hicho hata kama umeinunua kwa mamilioni. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya kompyuta kabisa, ilikuwa ya kutafuta stika.

Viwandani huwa wanabandika stika yenye DevEUI na AppKey kwenye boksi. Mabox yalikuwa wapi? Stoo ya shule, chini ya madawati mabovu. Tukapata saba, moja panya wamekula pembeni lakini linasomeka. Fundi aliyefunga vifaa zamani tukamtafuta kwa simu, yuko Singida siku hizi, akakuta picha za stika mbili kwenye simu yake. Mungu amweke. Kimoja tulikifungua, tukachomeka waya kwenye laptopu, kikatukubalia kuandika ufunguo mpya. Hiyo kumi. Viwili vilivyobaki ndani vimefungwa na muuzaji kwa nywila yake, na stika hazina AppKey, zina jina tu. Nikampigia muuzaji. Akanijibu kistaarabu kwamba funguo ni sehemu ya huduma, na huduma imeisha.

Rudieni hiyo sentensi taratibu. Kifaa kimelipiwa, kiko juu ya tenki la wananchi, betri ni ya wananchi. Ufunguo ni sehemu ya huduma.

Getiwei haikutusumbua sana. Unaingia kwenye mipangilio yake, unafuta anwani ya seva ya zamani, unaandika ya kwako, mlango kwa kawaida ni 1700. Nywila ya getiwei nayo hatukuwa nayo, lakini ilikuwa na kitufe cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nawatahadharisha tu, kama unahama huku seva ya zamani bado inafanya kazi, usianze na getiwei. The Things Network, ule mtandao wa kijamii ulioanzia Amsterdam, ulipokuwa unahamisha watu kutoka toleo la pili kwenda la tatu mwaka 2021, ushauri wao ulikuwa vifaa kwanza, getiwei mwisho. Getiwei moja inasikiliza vifaa vya watu wengi. Ukiigeuza mapema, jirani yako ambaye hana habari anajikuta gizani. Toleo la pili lilizimwa Desemba 2021, na walioshtuka dakika za mwisho walikiona cha moto.

Tukaandikisha vifaa kumi kwenye seva mpya. Tukakaa tukisubiri. Kimya. Saa nzima, kimya! Vijana wa kijiji wameshaanza kunitazama kwa jicho la huyu naye msanii tu. Kumbe kihisi bado kinaamini kimo ndani ya mtandao wa zamani. Funguo zake ndogo za kila siku ni zilezile walizoelewana na seva ya muuzaji, na hakuna kilichokiambia kwamba ndoa ile imevunjika. Vifaa vingine vimetengenezwa viwe vinauliza mara kwa mara kama kuna mtu anawasikia, vikikosa jibu vinaomba kuingia upya vyenyewe. Vyetu haviulizi. Dawa ni moja, kuvizima na kuviwasha. Na kuzima maana yake ni kupanda ngazi hadi juu ya tenki, kufungua kifuniko, kutoa betri, kusubiri, kurudisha. Mara kumi. Tenki moja lilikuwa na nyuki.

Kama seva ya zamani ingekuwa hai na mwenyewe ni mtu wa kuelewana, kuna njia ya kukwepa ngazi. Unaomba akupe zile funguo ndogo pamoja na kaunta ya kila kifaa ilipofikia, unazipandikiza kwenye seva mpya, na kifaa hakijui hata kama kimehama. Kaunta ni muhimu kwa sababu seva inakataa paketi yenye namba iliyokwishapita, ndiyo kinga ya mtu kurekodi paketi ya jana na kuirusha leo. Kuna mtego mmoja umewachemsha wengi: The Things Network inakubaliana na kifaa kwamba majibu yatakuja baada ya sekunde tano, wakati ChirpStack ikiachwa kama ilivyo hujibu baada ya sekunde moja. Ukipandikiza bila kubadilisha hilo, namba zinapanda vizuri lakini amri zako hazifiki, kifaa kinafungua sikio wakati wewe umeshamaliza kusema. Unaweza kukesha unatafuta ubovu usiokuwepo.

Basi, betri zikatolewa, vifaa vikaomba kuingia, vikaingia. Kwenye skrini ikatokea 0BB8. Shangwe! Halafu mwenyekiti akauliza, "Sasa hiyo ndiyo lita ngapi?"

Ukigeuza 0BB8 kuwa namba ya kawaida ni 3000. Elfu tatu ya nini? Ile hesabu ya kugeuza namba kuwa maji ilikuwa imeandikwa kwenye seva ya muuzaji, nayo imeondoka na akaunti. Tukapanda tena na mti mrefu tuliouwekea alama, tukapima. Zilikuwa milimita kutoka kwenye kihisi hadi usawa wa maji. Tenki lina kina cha mita tatu na nusu, kumbe maji yamebaki nusu mita. Kwa vile vya mabomba tulijaza ndoo na kuhesabu. Mambo ya darasa la sita hayo, lakini yalitulia siku mbili.

Sasa nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Seva ya kwako ni mzigo. Mwezi wa kwanza tu umeme wa sola uliyumba, memori kadi ya ile kompyuta ndogo ikaharibika, kila kitu kikapotea. Kama orodha ya funguo ingekuwa humo tu, tungerudi stoo kutafuta maboksi. Sasa hivi data inaandikwa kwenye diski ya maana, nakala inatolewa kwenye flashi kila Ijumaa, na orodha ya funguo imechapishwa kwenye karatasi inayokaa kwenye sanduku moja na muhuri na vitabu vya risiti. Pia ChirpStack inakuja na jina admin na nywila admin. Kuna watu wanaiweka intaneti hivyohivyo, halafu wanashangaa. Na lazima awepo mtu. Nimeona seva chini ya meza ya mwalimu, mwalimu akahamishwa, seva ikabaki inavuta vumbi kama redio ya marehemu.

Kwa hiyo kama kikundi chenu hakina kijana wa kushika hili, lipieni huduma ya mtu, sitawacheka. Ila funguo muwe nazo. Mwenye funguo anaweza kumhama muuzaji leo, kesho akamrudia, keshokutwa akajiwekea seva. Asiye na funguo hata akiwa na seva kumi amepanga tu.

Ndiyo maana naliona hili ni suala la umma, siyo la mafundi. Vihisi vinaingia kwenye maji, kwenye mashamba, kwenye mita za majengo, na vingi vinalipiwa kwa fedha za serikali au za msaada ambao unahesabiwa kwa jina letu. Kwenye mikataba utakuta dhamana ya kifaa miaka mingapi, mafunzo siku ngapi, hata rangi ya mabomba. Ni mara chache utakuta mstari unaosema kwamba siku ya makabidhiano mnunuzi atapewa DevEUI na AppKey ya kila kifaa, nywila za getiwei, hesabu ya kusoma namba zake, na rekodi zote zilizokusanywa katika faili la kawaida. Mstari mmoja. Hauongezi gharama ya maana, kwa sababu orodha hiyo muuzaji anayo tayari. Asipotaka kuitoa, ujue anachouza siyo kifaa.

Msitegemee sheria ya taarifa binafsi iwasaidie hapa. Ile ya kwetu ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu na taarifa zake. Tenki siyo mtu. Rekodi za maji ya kijiji kizima hazina mwenyewe kisheria mpaka mkataba useme, na mikataba yetu haisemi.

Kwa wale vijana mnaosoma hizi fani vyuoni, kazi ipo. Kila wilaya ina mradi wenye kisanduku juu ya paa ambacho hakuna anayejua kinaongea na nani. Kaulizeni stika ziko wapi kabla panya hawajafika.

Pale kijijini namba sasa zinaonekana kwa Wi-Fi ya ofisi, hata bando likiisha. Usiku wa tatu tu tangu tuanze kurekodi upya, mchoro ulionyesha tenki la juu linashuka kati ya saa saba na saa kumi alfajiri wakati hakuna anayeteka. Wakafuata bomba, wakakuta uvujaji kwenye korongo. Rekodi za zamani hatujazipata mpaka leo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba miezi ile nayo ilikuwa hivyohivyo. Mzee amerudishwa kazini lakini hakuna aliyemwomba radhi kwenye mkutano. Vile viwili vilivyofungwa bado viko juu ya tenki la shule, kila robo saa vinatuma, na kwenye seva yetu paketi zake zinapita bila kusomeka. Kama kuna mdau amewahi kufanikiwa kumshawishi muuzaji atoe funguo baada ya mkataba kuisha, naomba atuambie alitumia maneno gani.

Nakala ya pili ya ile karatasi ya funguo anaishika mhudumu wa pampu. Aliiomba mwenyewe.